Safari ya Kumrithi Shangazi Mwajuma

Tabora

Jamani, nimechoka kusimulia kipande kipande. Nikienda kununua nyuzi naulizwa, nikitoka msikitini naulizwa. Juzi mama mmoja aliniletea gauni la kupunguza kiuno, na kabla sijampima akakaa kwenye benchi langu akasema, "Zaituni, kiuno kisubiri. Ilikuwaje hasa huko Ujiji?" Nimeona bora niandike yote mara moja, mpitishiane wenyewe. Mlikaa sebuleni kwangu mkasoma khitma, mkala pilau, wengine mkaniletea sukari na mchele. Mna haki ya kujua.

Kwa atakayesoma hii bila kunifahamu: mimi ni fundi cherehani wa hapa Tabora mjini. Nashona kanzu, mabaibui na sare za shule. Mdogo wangu Rajabu ni seremala. Tumezaliwa wawili tu, na baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa na dada mmoja, Shangazi Mwajuma, aliyeolewa Ujiji tangu mimi sijaanza shule. Mumewe alifariki zamani na hawakujaaliwa mtoto. Shangazi akabaki peke yake katika nyumba ya vyumba sita, yenye baraza pana mbele na michikichi miwili uani, mwendo mfupi tu kutoka ziwani.

Mara ya mwisho kwenda kumsalimia ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita. Naliandika hilo mapema, lisije likaonekana nimelificha.

Simu ilikuja Jumamosi mchana. Alikuwa Bi Sikitu, jirani yake, na mtandao ulikuwa unakatika kama mtu anayeongea huku anatafuna. Nilichosikia ni hiki: "Zaituni, mwanangu, shangazi yako hatunaye tena. Ameondoka Ijumaa... ametuacha huku anacheka... amechukuliwa na mu..." Kimya. Kisha, "Nyumba ipo tupu, funguo ninazo mimi." Simu ikakata.

Nilipiga tena, haipatikani. Nikapiga namba ya shangazi, haipatikani. Namba nyingine ya mtu wa Ujiji sikuwa nayo, wala Rajabu hakuwa nayo. Basi, mtu anayesikia "hatunaye tena" na "amechukuliwa na Mungu" afanye nini? Niliweka chini mkasi, nikamtuma mtu amwite Rajabu, na kabla ya alasiri mlishaanza kuingia kwangu na vitenge vyenu mabegani. Tulimshukuru Mungu kwamba ameondoka anacheka. Sheikh alisema hiyo ni dalili ya mwisho mwema, nanyi mkaitikia.

Kitu kimoja hamkukiona. Wakati mnasoma, mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa kama wafiwa wote, lakini macho yangu yalikuwa Ujiji, kwenye baraza lile. Nilishaweka pale vyerehani vitatu na kibao chenye jina langu. Pazia nilichagua la kijani.

Tabora hadi Urambo

Tuliondoka Jumatatu. Basi liliondoka saa kumi na mbili asubuhi kwa maneno ya mkata tiketi, na saa mbili kasoro kwa saa yangu. Rajabu alikaa dirishani, mimi pembeni yake, na miguuni kwangu nilikuwa na mfuko wa michembe na karanga, maana mtu wa Tabora hasafiri kwenda magharibi bila viazi vyake vikavu.

Ukitoka mjini, miti inaanza na haiishi. Miombo huku, miombo kule, katikati mabani ya kukaushia tumbaku yanafuka moshi, na baiskeli zimebeba ndoo za asali mbili mbili. Ndiyo njia ileile waliyopita wapagazi wa zamani na pembe za ndovu mabegani. Sisi tulikuwa na viti vya kukalia, lakini mzigo tuliokuwa tumebeba haukuwa mwepesi. Niliujua pale Rajabu alipovunja kimya karibu na Usoke.

"Ile michikichi itabidi ikatwe," alisema.

"Kwa nini ikatwe?"

"Inaziba kiwanja."

"Kiwanja cha nani?"

Akatazama nje. "Nimesema tu, dada."

Nikamwambia mimi michikichi naitaka, mawese ya uani ni baraka. Akasema mnunuzi hataki miti. Nikamuuliza mnunuzi gani. Akasema, "Mnunuzi yeyote." Baada ya hapo akawa anaandika ujumbe kwenye simu, na kila nikigeuza shingo naye anageuza simu. Huyu ni mtu niliyembeba mgongoni. Nilimfundisha kuhesabu kwa vifungo vya shati. Nami nikajikuta nimeusogeza mfuko wa michembe upande wangu wa kiti, bila kuambiwa na mtu.

Urambo

Kabla kidogo ya Urambo basi lilianza kunuka, likatoa mvuke mbele, tukaingia mjini kwa mwendo wa mgonjwa. Dereva alisema ni nusu saa. Fundi aliyekuja kulitazama alivua shati akalitundika kwenye kioo, nikajua tumefika.

Tuliketi kwenye kibanda cha mama ntilie. Hapo ndipo alipokuja kukaa nasi Mama Joselina, abiria mwenzetu, mwanamke mnene mwenye rozari shingoni na kuku ndani ya kikapu. Alizaliwa Ulyankulu, wazazi wake walikimbilia huko kutoka Burundi, na sasa alikuwa anakwenda Uvinza kumwona binti yake aliyejifungua. Kuku alikuwa wa mzazi. Alitusalimia kwa Kiswahili, akaongea kidogo kwa Kirundi alipokuwa anampigia simu mumewe, akarudi kwetu na swali: "Na ninyi, safari ya heri?"

"Ya msiba," nilijibu. "Shangazi yetu, Ujiji."

Akapiga ishara ya msalaba. Akafungua hotpoti yake akatukatia ndizi zilizopikwa na maharage, bila hata kutuuliza kama tuna njaa. Mimi ndiye niliyekuwa na michembe miguuni. Niliiacha hukohuko. Nilijiambia safari bado ndefu.

Rajabu alipokea simu akazunguka nyuma ya kibanda. Nami haja ilinipeleka upande huohuo, naapa ni haja kweli. Nikamsikia anasema kwa sauti ya chini:

"Kwa hiyo ustadhi, mtoto wa kike wa kaka hana fungu kabisa?... Hata kidogo?... Wote unakuja kwa mtoto wa kiume peke yake... Hapana, yeye sijamwambia."

Nilisimama pale na kopo la maji mkononi. Alipogeuka tukaonana uso kwa uso.

"Umejua tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu jana asubuhi."

"Jana mchana ulikula pilau ya khitma nyumbani kwangu. Ulirudia sahani."

"Dada, ni sheria, si mimi. Na ningekupa tu."

"Ungenipa nini?"

Akafikiri. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba alifikiri. "Ningekupa chumba."

"Chumba! Kati ya sita!"

"Kwa hiari yangu, dada. Silazimiki."

Sikujua kama nina sauti kubwa kiasi kile. Waliokuwa wanamsaidia fundi waliinuka kutazama. Mama Joselina alikuja mbio na kijiko mkononi, akasimama katikati yetu, akamshika Rajabu bega.

"Baba, nisikilize mimi nina miaka thelathini kwenye ndoa," alisema kwa upole mkubwa. "Mpe mama chumba chake. Mwanamke akiwa na chumba chake, hasira inapungua, na usiku atarudi mwenyewe kwako."

Mimi nilikuwa na hasira mno hata sikumsahihisha. Nilirudi kwenye benchi, nikaagiza chai yangu peke yangu, kikombe kimoja, nikailipia mwenyewe mbele yake ili aone. Miaka hamsini na mbili ya umri wangu, nilikuwa nanunua chai ya kumkomoa mtu.

Basi halikupona. Saa kumi alasiri tulihamishiwa kwenye gari jingine dogo hadi Kaliua, mimi kiti cha mbele kabisa, Rajabu cha nyuma kabisa. Mama Joselina alikaa katikati na kuku wake, kila mara anatugeukia mmoja mmoja kwa huruma.

Kaliua hadi Malagarasi

Kaliua tulilala nyumba ya wageni, kila mtu na chumba chake, sawasawa na ushauri tuliopewa. Asubuhi hatukusalimiana. Yaani Rajabu alisema "Shikamoo dada" nami nikaitikia marahaba ya puani, ile ambayo haimfikii mtu.

Gari la kwenda Kigoma lilikuwa na nafasi ya watu watatu kiti cha nyuma, ikabidi tukae pamoja. Mama Joselina akachukua katikati. Tulishamweleza kwamba ni ndugu. Alicheka mpaka kuku akashtuka, akamwomba Rajabu radhi, kisha akaendelea kutusuluhisha vilevile, kana kwamba kwake tofauti ni ndogo.

Tulipokuwa tumekwenda kama saa nzima, aliuliza, "Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

Rajabu alijibu haraka. "Alikuwa na nyumba nzuri sana."

"Nimeuliza mtu," alisema Mama Joselina.

Rajabu akaona aibu, akafuta miwani yake. Mama Joselina akanigeukia mimi. "Alipenda kula nini?"

Ninyi mnanijua, mimi si mtu wa kukosa jibu. Lakini siku tatu nilikuwa namfikiria shangazi mchana kutwa, na sikuwa nimemfikiria hata mara moja. Nilikuwa nafikiria madirisha yake.

"Viazi vya kuchoma," nikasema. "Alipenda lile ganda lililoungua. Sisi tulikuwa tunalitupa, yeye analiokota anakula, mdomo mweusi tii."

"Na samaki wa ziwa, migebuka," akasema Rajabu. "Akija kwetu na treni analeta migebuka mikavu kwenye magazeti. Nyumba nzima inanuka wiki mbili."

"Mwaka ule baba alipoachishwa kazi," nikasema, "alituletea dagaa na mawese kila mwezi. Hakuwahi kulitaja tena, hata siku moja."

"Alikuwa ananikata kucha kwa meno," akasema Rajabu. "Nilikuwa namwogopa mkasi."

Gari lilikuwa linavuka daraja la Malagarasi, mto umejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa, mafunjo pande zote mpaka upeo wa macho. Hapo ndipo nilipolia. Sikulia kwa adabu. Nililia mpaka dereva akazima redio. Mama Joselina alinishika kichwa akakiweka begani kwake, na kikapu cha kuku kikanikuna shavu, nami nikaendelea.

Nilipotulia nikawaambia kitu ambacho sikuwa nimekiambia kiumbe. Mwezi uliopita shangazi alinipigia simu mara nne. Mara zote nne niliona jina lake likiwaka, na mara zote nne niliiacha simu iite juu ya meza ya kukatia nguo. Macho yake yalikuwa yanamsumbua, nilisikia. Nikasema moyoni, anataka hela ya hospitali. Ndio kwanza nilikuwa nimenunua cherehani cha umeme. Niliogopa kwamba nikipokea nitaombwa, na nikiombwa nitatoa, maana simwezi. Kwa hiyo sikupokea. Nilikuwa natazama lile jina mpaka linazimika, halafu naendelea kushona.

Rajabu aliinua simu yake, akaitazama.

"Alinipigia na mimi," akasema. "Mara tatu."

Hakuna aliyemlaumu mwenziwe, maana hakuna aliyekuwa na haki ya kulaumu. Nilifungua mfuko wa michembe, nikaupitisha. Tulikula wote watatu, na dereva pia, mpaka Uvinza, ambako Mama Joselina alishuka. Alitukumbatia mmoja mmoja. Alimwambia Rajabu, "Baba, chumba usisahau," akavuka barabara na kuku wake, hakugeuka tena.

Ujiji

Tulifika alasiri. Nyumba ilikuwa palepale, baraza palepale, na juu ya baraza alikuwepo mwanamume mwenye futi ya chuma akipima kutoka nguzo hadi nguzo.

"Poleni na msiba," alituambia bila kuacha kupima. "Upana wake ni mzuri kweli."

Alikuwa dalali. Rajabu ndiye aliyemwita, kutoka kwenye basi, kabla ya Urambo, kwa namba aliyotafutiwa Jumapili. Aliona haya kiasi kwamba alianza kumpa mkono, akaurudisha, akampa tena. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikipima kwa macho, na macho yangu yalikuwa yananipa jibu lilelile la futi.

Bi Sikitu alitoka nyumba ya pili akiwa na mwiko. "Ooh, wanangu! Mmekuja! Mbona hamkusema?"

"Shikamoo mama," tulimwamkia. Nikamwambia maneno niliyokuwa nimeyatayarisha njiani. "Tunaomba utupeleke kaburini kwanza, kabla hatujaingia ndani."

"Kaburi la nani?"

"La shangazi."

Bi Sikitu alimtazama Rajabu, akanitazama mimi, akamtazama dalali. "Mwajuma? Mwajuma amekufa lini?"

"Ijumaa!" nilisema. "Wewe ndiye uliyenipigia! Ulisema hatunaye tena, ameondoka Ijumaa!"

"Ndiyo, ameondoka! Na hatunaye, si yuko Uvinza?"

"Ulisema amechukuliwa na Mungu!"

"Nani kasema Mungu? Mume! Amechukuliwa na mume! Mwajuma ameolewa, mwanangu, na Mzee Kasimu wa chumvi. Alipanda gari Ijumaa baada ya swala, anacheka, mtaa mzima tumempigia vigelegele. Nilikupigia ili ninyi ndugu mjue nyumba imebaki tupu."

Rajabu alikaa chini, palepale kwenye ngazi ya baraza, taratibu. Dalali alikunja futi yake. "Kwa hiyo haiuzwi?" aliuliza, na kwa kweli alistahili jibu, lakini hakuna aliyempa.

Sasa nawaambia jambo ambalo Rajabu hajui mpaka atakaposoma hapa. Furaha ilikuja. Lakini kabla yake kulipita kitu kingine, cha haraka, kama mtu anayepita nyuma ya pazia. Niliihuzunikia nyumba. Kwa kitambo cha kupepesa jicho, niliambiwa shangazi yangu yu hai, na mimi nikasikia nimenyang'anywa vyerehani vitatu na pazia la kijani. Kisha ndipo nikampigia Mungu magoti.

Bi Sikitu alitupikia migebuka kwa mawese na ugali wa muhogo, akila huku anacheka, akifuta machozi kwa kanga, akituomba tumrudilie maneno ya khitma. "Na pilau mlipika?" "Tulipika." "Nyama ya ng'ombe au ya mbuzi?" Tulipomwambia mbuzi, akaanguka upya.

Uvinza

Kesho yake tulirudi njia ileile tuliyokuja, mpaka kwenye ule mji wa chumvi tulioupita tukitafuna michembe. Nyumba ya Mzee Kasimu iko nyuma kidogo ya soko, nje kuna magunia ya chumvi yamefunikwa kwa turubai. Yeye mwenyewe alitupokea mlangoni, mzee mrefu mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono, akasema "Karibuni wanangu" kwa sauti ya mtu anayezuia kicheko. Nikajua Bi Sikitu ameshapata mtandao.

Shangazi alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anamenya muhogo. Amekonda kidogo, na miwani mipya usoni. Mikononi alikuwa bado na hina.

"Shikamoo shangazi," tulisema pamoja kama watoto wa madrasa.

"Marahaba. Nasikia nimekufa."

Alicheka yeye kwanza. Alicheka kile kicheko chake cha kuteleza kwenye kiti, mpaka akashika ukuta, nasi tukacheka, na Mzee Kasimu akacheka kule mlangoni. Halafu shangazi akaacha. Aliacha peke yake, sisi tukabaki tunacheka kidogo mbele yake, kisha tukaacha na sisi.

"Haya, niambieni. Mlikuja kunizika au kunigawana?"

Nilikuwa natafuta maneno mazuri. Rajabu hakutafuta.

"Vyote viwili, shangazi," alisema. "Na kugawana tulianza nako."

Shangazi alitikisa kichwa, akachukua muhogo mwingine. "Dalali ameniambia. Alinipigia mwenyewe leo asubuhi, kaniuliza kama nitabadili mawazo. Kuna walimu wawili wanahamia mwezi ujao, nimewapangisha. Ile nyumba ni yangu na kodi ni yangu. Anayetaka kuiuza asubiri nife, na sina haraka, nimeolewa juzi."

"Shangazi," nikasema, "mwezi uliopita ulinipigia."

"Nilipiga."

"Nilidhani ni macho. Nilidhani unataka..."

"Macho niliyatibia kwa michikichi. Niliuza mawese." Aliweka kisu chini. "Nilikuwa namtafuta Rajabu. Mwanamke anaozeshwa na mtu wake. Baba hayupo, kaka yangu hayupo, mtoto wa kaka yupo. Nilitaka aje akae mbele ya sheikh aseme, mimi ndiye walii wake, namwozesha shangazi yangu. Hilo tu. Nauli ningewatumia. Nikampigia yeye, hapokei. Nikakupigia wewe umwambie, hupokei. Sheikh akauliza, mama, huna ndugu? Nikamwambia wako mbali. Basi akaniozesha yeye, kama anavyomwozesha mtu asiye na watu."

Kuku mmoja alipita katikati yetu. Rajabu alikuwa anatazama mikono yake.

"Naweza kusema sasa?" aliuliza. "Hata kama haina maana?"

"Haina maana," alisema shangazi. "Sema."

Mdogo wangu akasimama, akavua kofia akaivaa tena, akamgeukia Mzee Kasimu. Alisema kwamba yeye, Rajabu, mtoto wa kaka yake Mwajuma, anaridhia ndoa hii na anamkabidhi shangazi yake kwa heshima. Mzee Kasimu aliitikia vizuri kabisa, "Nimepokea," kana kwamba hakuwa ameishi naye tayari siku tano. Shangazi aliinama juu ya muhogo, na kwa muda hatukuuona uso wake.

Tulikaa siku mbili. Rajabu alirekebisha mlango wao wa jikoni uliokuwa unakwaruza sakafu, akatengeneza na kabati bila kuombwa. Mimi nilimshonea shangazi magauni mawili kwa cherehani cha jirani. Kuhusu chumba hatukuzungumza tena, na siwaambii kwamba tumekuwa malaika. Njiani kurudi, tulipokuwa tunakaribia Urambo, nilimkuta Rajabu anatazama dirishani, nikajua anawaza nini, maana na mimi nilikuwa nakiwaza kilekile. Tulitazamana, tukaona haya, tukacheka.

Lakini nataka kumalizia na asubuhi ya mwisho pale Uvinza. Tulikuwa wawili tu jikoni, mimi na shangazi, tunakaanga chapati za njiani. Alikuwa anageuza chapati kwa vidole, bila mwiko, hataki kuniachia. Akaniuliza bila kunitazama:

"Zai. Ulipoambiwa nimekufa, ulilia?"

Nilifikiria kumdanganya. Mtu amekufa na kufufuka kwa ajili yako, uongo mdogo ungekuwa zawadi.

"Nililia," nikasema. "Ila si siku ile. Nililia siku ya nne, darajani Malagarasi."

"Na siku tatu za kwanza?"

"Nilikuwa napanga vyerehani barazani kwako."

Aligeuza chapati. Aliitazama ikivimba, akaibonyeza pembeni kwa kidole gumba mpaka hewa ikatoka.

"Vingapi?"

"Vitatu."

"Vinaenea vinne," alisema shangazi, akaweka chapati kwenye sahani yangu. "Siku nikifa kweli, anza na kulia."